Tupeane uzoefu: Ni kiumbe gani kinakuambia msimu umegeuka?

#1
Wakuu, kalenda ya ukutani tuiweke kando kidogo. Kila mtu asimulie mdudu, ndege au mnyama mdogo anayemfuatilia hapohapo anapoishi, na alichokigundua kwa kumtazama msimu hadi msimu. Naanza na kumbikumbi. Mvua kubwa ya kwanza ikikatika jioni, nazima taa ya nje (huwapoteza, ukiiacha utaona fujo tu), natafuta matundu ardhini kwa tochi hafifu. Wanatoka msururu huku mchwa askari wakilinda mlango. Wakitua wanapukutisha mabawa, jike anatangulia na dume anamfuata nyuma unyounyo hadi wapate pa kuchimba. Wengi huishia kwa vyura na mijusi.

#2
Kwangu wanaruka mchana kweupe. Ni haohao?

#1
Mkuu, aina za mchwa ni nyingi, na si zote zinaruka wakati mmoja. Andika saa na hali ya hewa, utaanza kuzitofautisha.

#3
Mimi mnana. Nje ya msimu wa kuzaliana dume anafanana na shomoro, unampita tu. Mvua zikikaribia anavaa njano inayowaka na kuanza kusuka. Kwanza kitanzi cha kusimama, kisha anajenga kukizunguka. Kiota kikiiva ananing'inia chini yake akipiga mabawa kuita majike. Jike anaingia, anakagua, anavutavuta nyasi, huyo kaenda zake! Majani yakishakauka na kuwa kahawia majike hawavutiwi tena, na dume anakibomoa mwenyewe aanze upya. Kwa hiyo ukikuta viota vimezagaa chini ya mti, usikimbilie kulaumu upepo.

#4
Wangu ni wageni: mbayuwayu wanaozaliana Ulaya. Huku kusini mwa Sahara huonekana kuanzia Septemba au Oktoba, na Aprili wengi wameshaondoka. Ndege wa gramu kama 20 anavuka jangwa! Angalieni mikia. Hubadilisha manyoya wakiwa huku, ndiyo maana wengine hawana zile nyuzi mbili ndefu.

#5
Kerengende nao ni wasafiri. Charles Anderson, mwanabiolojia aliyefanya kazi Maldives, aliandika mwaka 2009 kwamba makundi yao hufika visiwani kule kuanzia Oktoba, ilhali karibu hakuna maji baridi (yasiyo na chumvi) ya wao kuzalia. Hoja yake ni kwamba wanatoka India, wanabebwa na upepo wa mvua kuelekea Afrika Mashariki.

#6
Nyote mnaandika mlichokiona. Mimi naandika pia "leo hakuna". Bila siku tupu utajuaje mgeni kafika lini, au kaondoka lini?

#7
Buibui wanaruhusiwa? Najua si wadudu.

#1
Leta. Ila piga picha ya mgongoni na ya tumboni, upande mmoja mara nyingi hautoshi kumtambua.