Jukwaa la watazamaji kwenye bwawa la ndani, viti 200: la kukunjuka, zege au mabenchi ya alumini?

MchoraRamani
Wakuu, naomba tulinganishe. Bwawa la ndani la jamii, mita 25, njia 6. Upande mmoja wa urefu umeachwa kwa watazamaji: mita 16 kwa 6.5. Siku za mashindano tunataka watu 200. Siku nyingine ni wazazi 20 au 30 wanaosubiri watoto. Yaliyo mezani:

A. Jukwaa la kukunjuka, linalovutwa kutoka ukutani
B. Ngazi za zege zenye viti vya plastiki
C. Mabenchi ya alumini ya safu 5, yenye magurudumu

Pesa ya kujenga ipo kwa lolote kati ya hayo. Ya matengenezo ndiyo ndogo. Mngeanza kukata lipi?

NondoNaZege
A. Limebuniwa kwa ukumbi mkavu wenye sakafu bapa. Kando ya bwawa sakafu lazima iteremke, tuseme 1 kwa 50, ili maji yaende mtaroni. Kwa kina cha mita 6.5 hiyo ni sm 13 kati ya nyuma na mbele. Ukilivuta, safu zote zinainama, na gurudumu lenye uzito wa watu likikaa juu ya mfuniko wa mtaro, mfuniko unapinda. Plaiwudi ya ngazi nayo inanyonya unyevu kwenye kingo, inavimba, siku ya mashindano jukwaa linakwama nusu njia.

Kipepeo50
Mkuu, hilo ni kosa la sakafu, si la jukwaa. Lipe kibaraza chake kikavu, kisicho na mteremko, na oda itaje ngazi za alumini na beringi zilizozibwa. Likifungwa linakula kama mita 1 hadi 1.5 tu, nafasi iliyobaki ni ya mazoezi ya nchi kavu. Ninachokubali ni usafi: nywele na mabaki ya chakula yanajikusanya chini, na usipofagia kabla ya kufunga, magurudumu yanayasaga.

JichoLaMbali
Kabla ya kubishania aina, pigeni hesabu ya macho. Bwawani mtazamaji anaangalia chini, kwenye maji, kwa hiyo kichwa cha aliye mbele kinaweza kumziba.

C = D × (N + R) ÷ (D + T) − R

D ni umbali wa mlalo kutoka jicho la mtu wa mbele hadi mwogeleaji wa njia ya karibu. R ni kimo cha jicho hilo juu ya maji. N ni kimo cha ngazi moja, T ni kina chake. C ni kiasi ambacho mstari wa macho ya mtu wa nyuma unapita juu ya jicho la wa mbele. Mm 120 ni safi, 90 inakubalika, chini ya 60 watu wanaanza kusimama, na akisimama mmoja wamesimama wote.

Chukua safu ya kwanza iliyoinuliwa sm 50. Jicho la aliyekaa liko mita 1.2 juu ya ngazi, basi R ni 1.7. Weka D 5 na T 0.8. Kwa N ya 0.40, safu ya 2 inapata mm 110, lakini safu ya 8 inabaki na 60. Pandisha N iwe 0.45, safu ya 8 inapata 84. Ndiyo maana kukagua safu ya mbele peke yake hakusaidii. Ya mwisho ndiyo inayoumia.

Kuna mtego kwenye hiyo 0.45: ukigawa mara mbili kwenye njia ya kupandia, kila kipandio ni sm 22.5, kirefu mno kwa mzee au mtoto. Gawa mara tatu, sm 15.

Sasa chaguo la tatu. Mabenchi mengi ya magurudumu yana ngazi za kimo cha sm 20 na kina cha sm 61. Yaweke sakafuni, R ikiwa 1.2 na D ileile: mm 48 kwa safu ya 2. Hiyo ni safu ya pili, bado tatu nyuma yake.

MchoraRamani
Hiyo ya mabenchi sikuitarajia. B ikiwa na safu 8, 200 wanaenea?

NondoNaZege
Mita 16 toa njia mbili za kupandia za mita 1.2, inabaki 13.6. Kiti sm 48, watu 28 kwa safu, mara 8 ni 224. Kina mita 6.4, kinaingia. Ziada hiyo inamezwa na viti vya magurudumu: kila kimoja sm 90 kwa 140 na kiti cha msindikizaji pembeni. Visirundikwe vyote safu ya chini, mbele yao watu wanasimama kushangilia. Angalieni pia dari, sakafu ya safu ya 8 iko mita 3.65 juu. Uwazi wa chini ni stoo nzuri ya kamba za njia na maboya. Kemikali za klorini hapana, haziwekwi chini ya watu.

KutuHalilali
Mmesahau hewa. Kloramini (gesi inayotokea klorini ikikutana na jasho na mkojo) hupanda kutoka majini na kutua kwenye vyuma vya juu ambavyo hakuna anayevisuuza. Mwaka 1985 huko Uster, Uswisi, dari la bwawa la ndani lilianguka na kuua watu 12. Vishikizo vya stenlesi vilikuwa vimepasuka ndani kwa ndani. Kwa hiyo stenlesi 304, daraja la kawaida, hata usiitaje. 316 (bolti zenye alama A4) ni ya viti na reli zinazofikiwa na maji safi. Chuma kinachobeba mzigo mahali pasipooshwa kinahitaji stenlesi ya daraja la juu zaidi, mfano 1.4529.

Alumini ni nzuri, ila bolti ya stenlesi ikiigusa moja kwa moja penye unyevu, alumini ndiyo inayolika. Zitenganishe kwa washa na bushi za nailoni.

MchoraRamani
Na chuma cha kawaida kilichochovywa zinki, kikapakwa rangi ya unga?

KutuHalilali
Kinafaa iwapo kuchomelea na kutoboa vimekwisha kabla ya kuchovya. Fundi akitoboa tundu moja baadaye, kutu inaanzia hapo na kutambaa chini ya rangi.

HewaSafi
Naongezea: mwogeleaji anataka hewa yenye nyuzi 1 au 2 juu ya joto la maji, tuseme 29, mzazi mwenye viatu na koti anatokwa jasho. Hewa mbichi iingizwe upande wa jukwaa, inyonywe chini karibu na maji. Ukigeuza, kloramini yote inapita puani mwa watazamaji.

Kipepeo50
Basi natoa kura kwa B, mkiongeza mabenchi mafupi ya alumini ya safu moja kwa waogeleaji wenyewe.

NondoNaZege
Viti vifungwe kwenye uso wa wima wa ngazi, si pa kukanyagia. Tundu la sakafuni hutoboa tabaka la kuzuia maji, na miguu ya kiti inazuia ufagio. Kila kiti kiwe na tundu la kutoa maji, nyuzi za bolti zipakwe grisi ya kuzuia kung'ang'ania, na bomba la maji safi liwekwe kila mwisho wa jukwaa. Viti vya akiba agizeni kwenye oda ileile, rangi ya toleo lijalo haitafanana.