Tupeane uzoefu: programu ya zamani imetolewa, mpya inakataa kuingia

Fundi_Kkoo: Wakuu, leo kompyuta ya mteja imenikumbusha mbali. SQL Server, ile programu ya hifadhidata ya Microsoft, inagoma kusakinishwa, inadai uwashe mashine upya. Ukiwasha, inadai tena. Ingieni regedit (kihariri cha rejistri, yaani kumbukumbu ya mipangilio ya Windows), Session Manager, mtafute PendingFileRenameOperations. Ni orodha ya mafaili yanayosubiri kufutwa au kubadilishwa jina mashine ikiwaka. Isipoisha, usakinishaji unakwama hapo hapo. Nikatoa nakala ya orodha hiyo, nikaifuta, usakinishaji ukapita. Nyie yamewakuta yapi?

BintiTanga: Hiyo naijua, inatesa sana.

MzeeWaWindo: Mnajisumbua bure. Piga windo (Windows) mpya, ulale.

Fundi_Kkoo: Mzee, mashine ya mhasibu utaipigaje windo katikati ya mwezi?

DawaMoro: Mmenitonesha kidonda. Programu ya mauzo ya duka letu la dawa inategemea MySQL, hifadhidata inayotunza data zake. Ikaharibika, tukaita fundi. Akaitoa MySQL, akaweka mpya, ikakataa nywila. Kumbe ukiitoa, C:\ProgramData\MySQL inabaki na data zote, na hiyo ProgramData imefichwa. Ile mpya imekuta data za zamani na nywila yake ya zamani. Fundi akasema haya ni mabaki tu, akabonyeza Shift na Delete, ikafutika bila kupita kwenye pipa la taka. Ikaingia vizuri, akalipwa, akaondoka. Nafungua programu: dawa hakuna, wateja hakuna, madeni ya watu hakuna! Tulihesabu rafu moja moja hadi usiku, mke wangu ananisomea tarehe za kuisha muda, mimi naandika kwenye daftari. Dawa tulizipata. Madeni yalipotea yote.

BintiTanga: Pole sana kaka. Mwili umenisisimka.

MzeeWaWindo: Bakapu je?

DawaMoro: Aliyetufungia programu alisema inajifanya yenyewe. Haikuwahi kujifanya.

Kijana_Dom: CCleaner, ile programu ya kusafisha kompyuta, inamaliza kila kitu, mbona mnahangaika.

Fundi_Kkoo: Acha kupotosha watu. Microsoft yenyewe haiungi mkono visafisha rejistri. Na fundi wa DawaMoro angesafisha rejistri mpaka kesho, folda ile ya MySQL ingebaki pale pale.

Mama_Seva: Msifute folda, badilisheni jina. Zima huduma ya MySQL (ile inayojiendesha chinichini), folda iite MySQL_zamani, sakinisha. Ukihitaji data, zipo. Huduma ya zamani ikiganda: fungua cmd (dirisha la amri) kama msimamizi, andika sc delete MySQL80, yaani jina la huduma hiyo. Antivairasi ni tofauti, chukueni kifutio cha mtengenezaji mwenyewe.

MzeeWaWindo: DawaMoro, diski ile bado ipo? Wapo wanaorudisha mafaili.

DawaMoro: Ipo. Ni SSD, na tunaitumia kila siku.

Mama_Seva: Basi usitoe hela kwa mtu, kaka. TRIM, amri ya SSD ya kusafisha nafasi za mafaili yaliyofutwa, imeshapita. Andika hapa toleo la MySQL uliyonayo, nikuelekeze kupanga mysqldump (kifaa cha MySQL cha kutoa bakapu) ijiendeshe kila jioni kwenda diski ya nje.