Deni nimelipa, bado wanampigia mama mkwe

Wadau, leo naandika na hasira, mnivumilie.

Nilikopa elfu nane kwenye apu moja ya mikopo, jina silitaji, nikaongeza mali kibandani hapa Top Market, Nakuru. Nikalipa yote na riba yao kabla ya siku kufika. Meseji ya M-Pesa ninayo. Baadaye simu zikaanza: "Madam, lipa leo ama tunakuja na madalali." Nikawatumia ile meseji. Kimya. Kisha wakahamia kwa watu walio kwenye simu yangu: katibu wa chama, hata fundi aliyenirekebishia sinki mwaka juzi! Mama mkwe wangu kule Njoro akaambiwa natoroka madeni, na kwamba yeye ndiye mdhamini. Mama wa watu hata hajui apu ni kitu gani.

Sasa naenda sacco kuomba mkopo wa karo, naambiwa niko CRB, wale wanaoweka rekodi za wakopaji, kama mtu asiyelipa. Kwa deni gani? Sheria inataka upewe notisi ya siku 30 kabla ya kuorodheshwa. Mimi sikuona hata meseji ya salamu.

Na kila ninayemweleza ananiambia, "Lipa tu tena, yaishe." Yaishe vipi? Ndiyo biashara yao hiyo! Wanajua aibu inakusanya pesa haraka. Wakili niliyemwendea mjini naye alitaka ada inayozidi deni lenyewe.

Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza apu hizi kutisha na kutukana wateja au kuwapigia watu walio kwenye simu zao. Madalali wenyewe hawawezi kubeba TV yako kwa deni kama hili bila amri ya mahakama. Mwaka 2023 Kamishna wa Data, yule wa serikali anayelinda taarifa binafsi za watu, alitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa mchezo huuhuu. Lalamiko kwake halihitaji wakili, hata kwa mdomo linapokelewa, na linafaa kuamuliwa ndani ya siku 90. Unaweza kudai fidia pia, hata ya kusumbuliwa moyo. CRB nayo, ripoti ni bure mara moja kwa mwaka, na kosa unalipinga kwao moja kwa moja.

Anayetaka kuniambia niende Mahakama ya Madai Madogo, nimeshaangalia. Kesi za kuchafuliwa jina hawasikilizi. Ukiwa ulilipa mara mbili, hapo pesa yako unaweza kuifuata.

Kwa hivyo silipi hata shilingi. Lalamiko naliandika usiku huu. Aliyewahi kupata fidia kwa Kamishna aniambie walitaka ushahidi gani. Simu nilizorekodi zinatosha, ama mama mkwe na katibu lazima waandikishe taarifa zao? Na wale wa kuniandikia inbox kwamba mnafuta jina CRB kwa elfu tatu, msijisumbue.