Nitakitambuaje kishazi cha Kiingereza?

MwanaUjiji
Shikamooni walimu. Ninamsaidia mdogo wangu wa kidato cha pili hapa Ujiji, na tumekwama kwenye vishazi, yaani sehemu za sentensi ambazo kila moja ina kitenzi chake. Aliandika "Although it rained, but the train left", mwalimu wake akaikata kwa wino mwekundu bila maelezo. Kwa Kiswahili tunasema "Ingawa mvua ilinyesha, lakini treni iliondoka", na hakuna anayeshtuka. Kosa liko wapi? Pia anaamini kwamba sentensi ndefu ni changamano na fupi ni sahili, nami sina hoja ya kumkatalia.

MwalimuIsevya, Tabora
Marahaba, ndugu yangu. Urefu hauamui chochote. "The old train from Dar es Salaam stopped at Tabora for two hours with all its tired passengers" ina maneno mengi, lakini ni sahili, kwa sababu kitenzi chenye njeo, yaani kinachoonesha wakati, ni kimoja tu, "stopped". "I left when he came" ina maneno matano, nayo ni changamano, kwa kuwa ina vitenzi viwili vyenye njeo, "left" na "came", na kishazi kimoja hutegemea kingine. Basi ahesabu vitenzi vyenye njeo, wala asihesabu maneno, na asidanganywe na "to buy", ambacho hakibebi njeo.

Kisha atazame kiunganishi. "And", "but" na "or" huunganisha vishazi huru, ambavyo kila kimoja chaweza kusimama peke yake, na sentensi hiyo ni ambatano. "Although", "because" na "when" hukifanya kishazi kinachofuata kuwa tegemezi: ukisema "Although it rained" ukanyamaza, msikilizaji hubaki akingoja. Hapo ndipo penye kosa la mdogo wako. "Although" imekwisha kukifunga kishazi cha kwanza kwenye cha pili, kwa hiyo "but" haina kazi tena. Kiswahili huvumilia viunganishi viwili hapo, Kiingereza hakivumilii. Akifuta "but" atapata sentensi changamano. Akifuta "although" atapata ambatano. Zote mbili ni sahihi.

Nasikitika mwalimu alipoikata bila kueleza, maana mtoto huyu hakukosa akili, bali alifuata lugha yake. Kitenzi chetu kina nguvu nyingi: "alipofika" ni kishazi kizima ndani ya neno moja, chenye kiima "a-", njeo "-li-" na kirejeshi cha wakati "-po-", ilhali Kiingereza hulazimika kuvitenganisha, "when he arrived". Aoneshwe tofauti hiyo mapema.

BintiWaMwanga, Kigoma
Naongeza jambo moja ninaloliona kila siku kwenye madaftari: "The fish which I bought it". Limetoka kwenye "samaki niliyemnunua", ambamo "-m-" humtaja samaki mara ya pili. Kwa Kiingereza "which" tayari imeshika nafasi ya samaki, hivyo "it" iondolewe.

MwanaUjiji
Ahsanteni sana. Ameandika hii mwenyewe: "Although the ship was late, the traders waited, and they sold their dagaa in the evening." Je, ni ya aina gani?

MwalimuIsevya, Tabora
Hesabuni pamoja: "was", "waited", "sold". Vishazi ni vitatu, kimoja tegemezi na viwili huru, kwa hiyo ni changamano na ambatano kwa wakati mmoja. Na safari hii, baada ya "although", hakuweka "but". Mpeni hongera zangu.