Nitapimaje uanagenzi wa vijana wetu?

Mwana_wa_Mau:
Hamjambo wote. Mimi ni wa jamii ya Ogiek, kwetu Mariashoni. Tangu Mahakama ya Afrika kule Arusha iamue kesi yetu ya ardhi ya Msitu wa Mau, hapa Kenya, mwaka wa 2017, kuhojiwa tumekuzoea. Safari hii wazee wanataka tathmini iandikwe na mmoja wetu. Vijana wetu saba walichukuliwa uanagenzi wa mwaka mmoja katika ofisi fulani ya umma, jina nalihifadhi. Ripoti ya ofisi ni ukurasa mmoja: sita wamemaliza, wamepewa vyeti, mpango umefaulu.

Nimekaa na hao sita nikasikia mengine. Dada mmoja aliamka saa kumi alfajiri, bodaboda hadi Elburgon, kisha matatu hadi Nakuru. Ikinyesha, hata bodaboda hukataa. Akachelewa, akaandikiwa onyo. Mwingine alitoa nakala miezi minane. Wa saba ameandikwa "alitoroka". Nianzie wapi?

Mstaafu_Njoro:
Anza na huyo wa saba, kijana wangu. Nimekaa kwenye paneli za mahojiano miaka mingi, na neno "alitoroka" huandikwa na mtu ambaye hakupiga simu. Muulize posho ilimfikia lini na deni la nauli lilikuwa kiasi gani.

Halafu watafute ambao hata hawakuomba. Mpango wa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa mfano, hutaka digrii. Kwenu mlimani hapo wangapi wameshachujwa? Tena Ibara ya 56 ya Katiba haitaji vyeti. Inataja nafasi maalumu za kupata ajira kwa jamii ndogo na zilizotengwa. Basi uliza: leo hii, kati ya saba, nani ana kazi?

Shangazi_Victoria:
Niko Victoria, Kanada. Serikali ya jimbo letu la British Columbia ina mpango kama huo kwa vijana wa jamii asilia tangu 2007: miezi tisa wizarani, mitatu katika shirika la jamii asilia. Hiyo mitatu ndiyo ningeiba! Kijana anarudi kwa watu wake na alichojifunza, na watu wake wanakiona. Kwenu hao sita walirudi na nini mkononi, mbali na karatasi?

Bodaboda_wa_Elburgon:
Barabara hiyo naijua. Andika nauli ya siku ya mvua, si ya kiangazi. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mwana_wa_Mau:
Asanteni. Mzee, wa saba nimempigia. Posho ya kwanza ilikuja mwezi wa nne, na wakati huo alishauza simu. Kazi anayo mmoja tu, na ni ya duka la mjomba wake. Wa saba amekubali tuonane Jumapili baada ya kanisa, ila ameuliza mara mbili kama ofisi italiona jina lake. Nimemwambia hapana.