Tupeane uzoefu: barabara "imefungwa" kwa ajili ya mashindano, kumbe kuna mtu ndani. Mlifanyaje?

Wakuu habari zenu. Uzi huu ni wa wale wote tunaokuwepo barabara ikishafungwa kwa ajili ya rali, mbio za kupanda mlima au pikipiki: marshali (wanaolinda usalama barabarani), madereva, manavigeta (wanaokaa na dereva kumsomea njia), watu wa ambulensi, hata watazamaji. Ripoti huwa zinaandika ajali, zile za kuponea chupuchupu tunaishia kusimuliana kwenye gari tukirudi nyumbani, na mwaka unaofuata kosa lile lile linarudi na marshali mgeni.

Naanza mimi. Nilipewa pointi (sehemu ya kulinda) kwenye kinjia cha pembeni, nikaambiwa funga tepu, kaa hapo. Yakaja magari ya usalama yanayotangulia mashindano: likapita gari la 000, likapita la 00, mwisho lile la 0 linalokuja mbio na king'ora, nikajua basi barabara ni safi. Yamepita magari kama manne ya mashindano, nasikia mlango unafunguka upande wa pili, mzee anatoka na baiskeli yake anaenda zake. Yaani nyumba yake ilikua NDANI ya tepu, mimi nimefunga vizuri kabisa na yeye nimemfungia humo humo. Nilivuka mbio nikamshika mkono, hatujakaa sawa gari hilo likapita. Mzee hana kosa hata kidogo, hakuna aliyemgongea hodi siku za nyuma kumwambia inafungwa saa ngapi na inafunguliwa saa ngapi. Tangu hapo nikifika pointi natembea kwanza kwa miguu nikitafuta milango, mageti na vichochoro, na nagonga hodi mwenyewe.

Karibuni.

#2
Mimi navigeta. Tulipinduka kwenye kona ya kushoto gari likabaki limelala ubavu katikati ya njia, wote wazima. Wasiojua, kila gari la rali linabeba kibao, upande mmoja SOS nyekundu na upande wa pili OK ya kijani, usipoonyesha OK anayekuja nyuma anatakiwa asimame akusaidie. Cha kwetu kilikua kimesukumwa chini ya siti, nimekitafuta mpaka nikakata tamaa nikawa naonyesha dole gumba tu. Wenzetu wakasimama, wakapoteza muda wao kwa watu wasioumia, hilo liliniuma. Ila la kutisha zaidi ni pembetatu ya kuonya wanaokuja. Inatakiwa ikae mita 50 au zaidi kabla ya gari, mimi nikaiweka hatua kumi tu maana miguu ilikua inatetemeka na nilihisi nimeenda mbali sana. Gari la pili lilifunga breki mpaka likakaa upande. Saivi kabla ya kila mashindano tunakaa ndani ya gari tumefunga mikanda, macho tumefumba, tunatafuta kibao, pembetatu na kisu cha mikanda kwa mkono. Halafu nashuka nahesabu hatua mpaka zifike hizo mita.

#3
Nilikua mtazamaji wa kile kikundi cha kusimama nje ya kona na kuruka pembeni gari likifika. Tulikua tunaita ushujaa. Kuna dada marshali alikuja akatuambia tupande juu ya ukingo, nikamtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alipuliza filimbi, akagoma kuondoka, akasema bila nyie kusogea naita redio. Tukapanda kwa hasira. Gari la tatu baada ya hapo liliteleza likafagia pale pale tulipokua. Jioni nilimtafuta nikamuomba radhi, na mwaka uliofuata nikajiandikisha kuwa marshali.

Watu wakitaja Ureno 1986 wanaongelea nguvu za magari ya Group B, lile daraja la magari ya rali yenye nguvu kupita kiasi. Ni kweli dereva Joaquim Santos alikua kwenye Ford RS200 ilipoingia kwenye watu, wakafa 3 na zaidi ya 30 wakaumia, na mwezi wa 5 mwaka huo huo dereva Toivonen na navigeta wake Cresto wakafariki kwenye rali ya Corsica, magari yale yakaondolewa. Lakini angalieni picha za Ureno, watu wamejaa barabarani wenyewe. Gari unaweza kulipunguza nguvu, umati ule utaupunguza na nini kama sio marshali wa kutosha?

#4
Naunga na hapo hapo. Mimi nakaa redioni. Siku moja watu wakahamia kwenye njia ya dharura ya kona, ile ambayo dereva akishindwa kufunga breki ananyoosha moja kwa moja. Nikaita kontroo (wanaoongoza mashindano kwa redio) nikasema naomba steji, yaani kile kipande cha barabara kilichofungwa, isimame. Wakauliza, "Una uhakika?" Wakuu, swali dogo lile lilinimaliza. Nikaanza kuwaza ratiba, madereva watakavyolalamika, nikajibu ngoja niangalie tena. Magari mawili yakapita kwenye huo muda. Hakuna aliyeumia lakini usiku sikulala.

Baadae kwenye kikao nikasema mbele ya wote, na tukabadilisha. Saivi kontroo haiulizi kama una uhakika, inauliza wako wangapi, wako wapi, wamesogea? Usipoweza kujibu kwamba wamesogea, gari linalofuata haliachiwi. Scotland 2014 kwenye Jim Clark Rally walifariki watazamaji 3, na mwaka mmoja kabla alifariki mmoja kwenye Snowman Rally, mpaka serikali ya kule ikaitisha mapitio ya usalama wa rali. Sitaki hata kidogo kusubiri yafike huko.

#5
Kwangu alikua mbwa. Nina filimbi tu, redio ya karibu ipo mbali kabisa na kona inaziba, nimekimbia natikisa mikono kama kichaa. Kila pointi ipewe redio, au basi marshali asimame mahali anapoonana na mwenye redio.

#6
Nipo upande wa matibabu. Ambulensi ya steji ikiondoka na majeruhi, steji haina ambulensi, ni hesabu ya moja kutoa moja, lakini niliwahi kuombwa turuhusu magari "machache tu yaliyobaki" wakati ya pili ipo njiani. Daktari wetu akakataa, akaketi kwenye kiti mbele ya mstari wa kuanzia. Maneno mengi yalisemwa siku ile.

#1
Asanteni sana wakuu. #4 hilo la kubadilisha swali nimelinakili, wiki hii tuna kikao cha maandalizi na nitalipeleka kama lilivyo. #6 ambulensi ya pili ilifika baada ya muda gani, na madereva waliosubiri pale mstarini waliambiwa sababu, au walikaa tu hawajui?