Naomba ushauri: vyumba vya kupangisha Chanika

Habari zenu wakuu. Nina kiwanja Chanika, 20 kwa 20, na akiba ya milioni 18. Nawaza kujenga vyumba vinne, kila kimoja na choo chake ndani, maana choo cha pamoja huzaa ugomvi usioisha.

Kinachoninyima usingizi ni karatasi: nina mkataba wa mauziano wa serikali ya mtaa tu, sina hati. Nianze kupima au kujenga?

Pia LUKU (umeme wa kulipia kabla), kila mpangaji awe na mita yake? Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo, sitaki mpangaji anilipie bila makubaliano.

Mke wangu anasema tuanze na viwili. Waliojenga kwa awamu, mlifanyaje?